Nyumba ya pauni 10: mbao, udongo na mabua yaliyovuka miaka 600

Sakafu yake ni ya chaki. Vipande vya jiwe jeupe kutoka vilima vya jirani vilitandazwa, vikashindiliwa mpaka vikakazana, kisha vikamwagiwa maziwa yaliyochacha. Nilipoelezwa habari ya maziwa nilidhani nimesikia vibaya, nikainama nikaigusa kwa kiganja. Ni ya baridi, ngumu, laini kuliko nilivyotarajia, na haiachi vumbi jingi mkononi. Mtindi una protini inayoshika kama gundi, na maseremala wa zamani waliijua siri hiyo walipounganisha mbao. Chaki ilikuwa ya bure, ng'ombe walikuwepo, na mtu akapata sakafu isiyofuka vumbi kila anapopita.

Nyumba yenyewe inaitwa Alfriston Clergy House, yaani nyumba ya makasisi. Iko katika kijiji cha Alfriston, East Sussex, kusini mwa Uingereza, kando ya uwanja wa majani uitwao Tye, jirani na kanisa la Mtakatifu Andrea na mto Cuckmere. Ilijengwa karne ya 14 kwa fremu ya mwaloni, kuta za fito na udongo, na paa la kuezekwa. Nikiwaonyesha ndugu zangu picha yake swali huwa lilelile: inakuwaje nyumba ya miti na nyasi idumu zaidi ya miaka 600, wakati nyumba ya babu pale Pangani, ya miti na makuti, ilikuwa imelala chini kabla sijamaliza shule? Ni swali zuri, na jibu lake limefungamana na useremala, moshi, kilimo, sheria na kodi. Tulifumue fundo baada ya fundo.

Kwanza pauni 10, maana ndizo zilizoipa nyumba hii umaarufu. Kufikia karne ya 19 makasisi walikuwa wameshahama. Ilikuwa imegawanywa na kukaliwa na vibarua wa mashambani, hali yake ilikuwa mbaya, na kanisa, ambalo ndilo lenye mali, lilikwisha kukubali ibomolewe. Aliyekataa ni kasisi wa kijiji, F. W. Beynon. Alibisha hodi kwenye jumuiya ya kulinda majengo ya kale ambayo William Morris aliianzisha mwaka 1877, kisha akafika National Trust, shirika la kuhifadhi mandhari na majengo ya kale lililoanzishwa Januari 1895 na watu watatu: Octavia Hill, aliyetumia maisha yake kuhangaikia makazi ya maskini wa London, mwanasheria Robert Hunter, na kasisi Hardwicke Rawnsley. Shirika lilikuwa changa mno. Mali yake ya kwanza ilikuwa kipande cha mlima huko Wales kiitwacho Dinas Oleu. Mwaka 1896 likainunua nyumba ya Alfriston kwa pauni 10, na hilo likawa jengo la kwanza kabisa kuwa mikononi mwake. Leo shirika hilohilo linatunza mamia ya majengo.

Pauni 10 zilikuwa bei ya kununua tu. Gharama ya kuikarabati ilikadiriwa kuwa pauni 350 hivi, mara 35 ya bei. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu nyumba ya aina hii ilikuwa hivyo tangu mwanzo na iko hivyo mpaka sasa: kuipata si kazi, kazi ni kuitunza.

Sasa tuingie kwenye mbao. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ukuta wa nyumba kama hii haubebi kitu. Uzito wote wa paa unashuka kupitia makombamoyo, unafika kwenye mtambaapanya, unaingia kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo unafika kwenye boriti ndefu iliyolazwa chini juu ya msingi wa mawe. Udongo uliokandikwa katikati ya nguzo ni wa kuzuia upepo na macho ya watu. Ukiubomoa wote leo, nyumba inabaki imesimama kama mifupa ya samaki. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapa, maana nyumba zetu za udongo nazo zina mifupa ya miti.

Tofauti kubwa iko chini, kwenye nyayo za nguzo. Nguzo za nyumba ya babu zilichimbiwa ardhini, na kila aliyewahi kung'oa nguzo kama hiyo anajua ilipoozea: pale inapokutana na uso wa ardhi, ambapo kuna unyevu na hewa kwa pamoja. Juu nzima, chini nzima, katikati imeliwa. Waingereza nao zamani walichimbia nguzo zao, na nyumba zao za wakati huo zimetoweka. Wanaakiolojia wanakuta mashimo tu yenye udongo wa rangi tofauti. Kuanzia karne za 12 na 13 hivi mafundi wakazidi kuinyanyua fremu nzima na kuiweka juu ya mawe. Hatua hiyo fupi, ya shubiri mbili tatu, ndiyo iliyotenganisha nyumba ya miaka 30 na nyumba ya miaka 600. Uzuri wa mwaloni unasifiwa sana, na unastahili, lakini mwaloni uliochimbiwa kwenye tope huoza kama mti mwingine wowote. Unachelewa tu.

Mwaloni huo ulitumika ukiwa mbichi. Mwaloni mkavu ni mgumu kiasi cha kumtesa fundi na patasi yake, kwa hiyo mti uliangushwa, ukachongwa kwa shoka, na kuunganishwa ndani ya muda mfupi. Kazi haikufanyika kiwanjani. Fremu ilichongwa na kujaribiwa ikiwa imelazwa chini mahali pengine, kila kiungo kikapewa alama ya kukwaruzwa, mara nyingi kwa mtindo wa namba za Kirumi kwa kuwa mistari iliyonyooka ni rahisi kuchora kwa patasi. Kisha ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye mikokoteni, ikasimamishwa kijijini kwa nguvu za watu wengi. Ukiingia kwenye nyumba kama hizi tazama karibu na viungo, kwenye kimo cha macho, utaziona alama: mistari miwili, mitatu, msalaba. Ni maandishi ya fundi akijikumbusha kipi kinaingia wapi.

Misumari ya chuma haikushika fremu. Ncha ya mbao moja ilichongwa ulimi, mbao nyingine ikatobolewa tundu, ulimi ukaingia, kisha kigingi cha mwaloni kikapigiliwa kupita zote mbili. Hapa kuna ufundi ninaoupenda kuliko wote. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa makusudi likiwa limesogea kidogo, lisilingane sawasawa na matundu ya nje. Kigingi kinapopigiliwa kinalazimika kujipinda, na katika kujipinda kinauvuta ulimi ndani zaidi. Kiungo kinajikaza chenyewe. Mbao zinapokauka kwa miaka zinasinyaa na kujikunja zikiwa zimeshikana, na ndiyo maana nyumba hizi zinaonekana kama zimeegemea upande. Mgeni huona nguzo iliyopinda akadhani jengo linaanguka. Mara nyingi lilipinda katika miaka yake ya ujana, likatulia, na limekaa hivyo tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka.

Ubichi huo wa mbao umetupa zawadi nyingine. Kwa kuwa mti ulitumika mara tu baada ya kuangushwa, mwaka ulioangushwa ni karibu sawa na mwaka wa kujenga. Wataalamu hutoboa boriti kwa kekee nyembamba, wakatoa kijiti kama kalamu, wakasoma upana wa pete za ukuaji na kuulinganisha na mfululizo wa pete unaojulikana kurudi nyuma karne nyingi. Pete ya nje kabisa, ile iliyogusana na gome, ikiwa bado ipo, wanaweza kutaja hata majira ambayo mti ulikatwa.

Ni vizuri pia kuondoa hadithi moja inayorudiwa karibu kila kijiji cha Uingereza: kwamba maboriti haya yalitoka kwenye meli zilizovunjwa. Watu huonyesha matundu matupu kwenye boriti kama ushahidi. Matundu hayo karibu siku zote ni ya viungo vya ukuta uliokuwepo hapo zamani ukaondolewa, au ni ya jengo jingine la nchi kavu ambalo mbao zake zilitumika tena. Mbao za meli zilipinda kufuata tumbo la meli na zilijaa chumvi. Mjenzi aliyekuwa ndani ya Weald, ukanda wa misitu ya mialoni unaopita Sussex na Kent, hakuwa na sababu ya kuzifuata pwani.

Weald ndiyo iliyolipa jina umbo la nyumba hii, linaloitwa Wealden. Katikati kuna ukumbi mmoja usio na dari, ulio wazi kutoka sakafuni mpaka chini ya paa. Kila upande wa ukumbi kuna sehemu ya ghorofa moja, na chumba cha juu mara nyingi kinachomoza mbele kuliko cha chini. Paa ni moja tu, limezifunika sehemu zote tatu bila kukatika, kwa hiyo katikati, pale ukuta wa ukumbi uliporudi nyuma, upenu unabaki umening'inia hewani ukishikiliwa na mbao zilizopinda kama pinde. Mamia ya nyumba za umbo hili bado zipo Kent na Sussex, nyingi zikiwa zimejificha nyuma ya matofali na plasta za vizazi vya baadaye.

Kwa nini ukumbi haukuwa na dari? Kwa sababu ya moto. Nyumba ilijengwa bila dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukapanda, ukazungukazunguka juu ya vichwa vya watu, ukatoka polepole kupitia mianya ya paa na madirisha yasiyo na vioo. Simama kwenye ukumbi wa Alfriston uinue macho, utaelewa kwa nini waliuacha mrefu hivyo: ulikuwa ghala la moshi. Niliposimama humo nilikumbuka jiko la bibi, lile lililojengwa mbali kidogo na nyumba, na makombamoyo yake meusi yanayong'aa kwa masizi. Bibi alikuwa akisema wadudu hawagusi mti uliokula moshi. Waingereza walikuja kujenga dohani za matofali katika karne za 16 na 17, wakaziba kumbi nyingi kwa dari na kupata vyumba vya juu. Moshi ukaondoka, lakini masizi yakabaki kwenye mbao za paa. Mtafiti anayepanda darini na kukuta mbao nyeusi anajua mara moja kwamba chini yake palikuwa na ukumbi wazi.

Kwenye kuta naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wema wameua nyumba nyingi.

Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa kati ya nguzo, fito nyembamba za mti wa hazeli zikasukwa ndani yake kama jamvi, kisha udongo ukakandikwa pande zote mbili. Udongo ulichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, ukakanyagwa, mwisho ukapakwa chokaa. Ukuta kama huo unapumua. Mvua ikiulowesha, maji yanaingia kidogo, jua na upepo vikija yanatoka. Fremu ya mwaloni nayo inacheza, inavimba kipupwe na kunywea kiangazi, na udongo na chokaa vinacheza pamoja nayo.

Karne ya 20 ikaleta saruji. Ilikuwa rahisi, ilikauka haraka, na ilionekana kuwa suluhisho la kudumu. Wenye nyumba wakapiga plasta ya saruji juu ya udongo na kuziba nyufa za kando ya nguzo. Saruji haichezi. Mbao inaponywea, ufa mwembamba kama unywele unatokea kati ya saruji na mwaloni, maji ya mvua yanaingia humo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Nguzo iliyoishi karne tano inaanza kulowa kwa ndani. Hapo anakuja fangasi, na nyuma yake dumuzi anayependa mwaloni uliolainishwa na unyevu, yule ambaye kila majira ya kuchipua hugongagonga kwa kichwa ndani ya mbao akimwita mwenzake. Zamani, watu waliokesha na mgonjwa usiku wa kimya waliusikia mlio huo wakauita saa ya kifo. Kwa nje ukuta umenyooka, mweupe, unapendeza. Ukiichoma nguzo kwa kisu, kisu kinazama.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, ila si Uingereza. Baba yangu mdogo alipopata pesa alimwita fundi aipige plasta ya saruji nyumba ya babu, kwa heshima na mapenzi kabisa. Ndani ya misimu michache ya mvua plasta ilianza kubanduka vipande vikubwa, na kila kipande kilitoka na udongo wake mgongoni. Miti ya ndani ilikuwa imelainika kama muhogo uliopikwa. Mpaka leo wako wanaosema nyumba ile iliuawa na uzee.

Rangi nayo ina kosa lake. Picha maarufu ya nyumba ya Kiingereza ni nguzo nyeusi tii na udongo mweupe pepe. Weusi huo kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Sussex na Kent mwaloni uliachwa uzeeke wenyewe, ukawa wa kijivu kama fedha ya zamani, au ukapakwa chokaa pamoja na ukuta. Kwenye ukumbi wa Alfriston kuna mbao iliyochongwa jani la mwaloni, na wapo wanaoamini kuwa jani hilo ndilo lililomvutia Joseph Armitage alipochora nembo ya National Trust katika miaka ya 1930. Iwe ndivyo au sivyo, mchongo huo unatosha kutazamwa kwa ajili yake wenyewe.

Sasa sheria, ambayo ndiyo inayowachanganya wengi zaidi, hasa Waswahili wenzangu walioko Uingereza wanaoota kununua kijumba cha namna hii kijijini. Majengo yenye thamani ya kihistoria huingizwa kwenye orodha ya taifa. Kuna daraja la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili la kawaida. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyoorodheshwa yako kwenye hilo la mwisho. Jengo lolote la kabla ya mwaka 1700 lililobaki karibu na hali yake ya asili lina kila uwezekano wa kuwemo.

Watu hudhani kuorodheshwa maana yake hairuhusiwi kugusa kitu. Sivyo. Maana yake ni kwamba mabadiliko yanayogusa tabia ya jengo yanahitaji kibali cha halmashauri kwanza, ndani na nje, hata kama ni kuondoa mlango wa zamani usioonekana barabarani. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai, na adhabu ya juu kwa England ni kifungo cha miaka miwili, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kuna mtego mwingine ambao mnunuzi lazima aujue: amri ya kurekebisha haina ukomo wa muda na inaifuata nyumba. Aliyekuuzia akiwa aling'oa dohani kinyume cha sheria miaka 20 iliyopita, anayeweza kuamriwa kuirekebisha ni wewe. Ikague nyumba pamoja na mtaalamu wa majengo ya kale kabla hujaweka saini.

Halafu kodi. Kujenga nyumba mpya Uingereza hakutozwi kodi ya ongezeko la thamani, wakati kuikarabati ya zamani hutozwa asilimia 20. Hata mabadiliko yaliyopewa kibali kwenye majengo yaliyoorodheshwa, ambayo zamani yalisamehewa, yameingizwa kwenye kodi hiyo tangu Oktoba 2012. Nchi inamwambia raia kwamba akiacha nyumba yake ioze ni aibu, kisha inamtoza zaidi anapoizuia isioze. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika ulinzi wa nyumba hizi, na sioni hoja nzuri ya kulitetea.

Tumebakiza paa. Nimeliweka mwisho kwa sababu ndani yake mafundo yote yanakutana.

Waezekaji wa Kiingereza hutumia vitu vitatu. Kuna matete ya majini. Kuna mabua marefu ya ngano yaliyopurwa kawaida, ambayo hulowanishwa na kulazwa ncha na vitako vikiwa vimechanganyika. Na kuna mabua ya ngano yaliyochanwa kwa mashine mpaka yakanyooka yote upande mmoja. Kwa macho ya mgeni ni paa lilelile, ila tofauti zipo. La mabua marefu limelegea na kumiminika kama blanketi zito. La matete ni kali, lina kingo zilizonyooka. Tete ni gumu, halikunjiki juu ya mgongo wa paa, kwa hiyo mgongo hutengenezwa kwa mabua au nyasi nyingine laini.

Mvua haipiti kwa sababu mbili: mteremko na unene. Paa linainama nyuzi 45 hadi 50 au zaidi, tone likianguka linateleza kutoka bua hadi bua, na linaloloa ni tabaka la juu la sentimita chache tu. Chini yake kuna sentimita 30 au zaidi za ukavu. Hakuna mifereji ya maji. Upenu unachomoza mbele na kuyatupa mbali na ukuta na ile boriti ya chini. Ukiupunguza mteremko, au ukiacha miti ikalipa kivuli paa na likaota kuvu, umri wake unakatika. Matete yakiwekwa vizuri yanaweza kuvuka miaka 40. Mabua marefu hutegemewa miaka 15 hadi 25, yaliyochanwa zaidi kidogo. Mgongo wa paa lolote hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15.

Moto ndio hofu ya kila mwenye paa hili, na kampuni za bima hutoza kulingana na hofu hiyo. London ilipiga marufuku mapaa mapya ya nyasi mapema, mwaka 1212, baada ya moto mkubwa. Mwaka 1969 nyumba ya kijijini alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, huko Shottery, iliungua vibaya, ikarekebishwa. Hatari ya siku hizi iko zaidi kwenye jiko la chuma la kuni lililofungwa chini ya dohani ya kale: hewa inayopanda ni ya moto mkali na cheche zinaruka, dohani ina nyufa, na nyasi zinazoizunguka ni nene. Kinachowasumbua wazimamoto ni ubora uleule wa paa. Limeundwa kuyakataa maji, basi maji ya bomba nayo yanateleza juu huku moto ukitambaa chini. Inabidi walikate na kulivuta chini kwa makulabu.

Baada ya vita vya pili vya dunia wakulima wakaanza kupanda ngano fupi na kuilisha mbolea nyingi za nitrojeni, na mashine kubwa za kuvuna na kupura kwa pamoja zikawa zinasagasaga bua. Bua likawa fupi, dhaifu, limevunjika. Waezekaji walikosa malighafi katikati ya nchi iliyojaa ngano. Matete nayo yaliyopatikana nchini hayakutosha, yakaanza kuagizwa kutoka nje, Uturuki na Ulaya ya mashariki zikiwemo. Wakulima wachache waliendelea na aina za bua refu kama Maris Widgeon, iliyotolewa miaka ya 1960. Wanaikata ikiwa haijaiva kabisa kwa mashine za kizamani zinazofunga miganda, wanaisimamisha shambani ikauke. Msimu mmoja wa mvua mbaya unatosha kumchelewesha mwezekaji mwaka mzima.

Ndipo ugomvi unapozaliwa. Mwenye nyumba anataka kuondoa mabua aweke matete ili apumzike miaka mingi. Ofisa wa urithi wa halmashauri anamkatalia. Wa kwanza anaona ukaidi wa ofisi, na ninamwelewa, maana bili ni yake. Lakini ofisa anajua jambo lisiloonekana kutoka barabarani. Paa la mabua kwa desturi haliezuliwi lote. Mwezekaji anaondoa tabaka bovu la juu, analaza jipya, analibana juu ya lile la zamani kwa vijiti vya hazeli vilivyopasuliwa, vikasokotwa katikati na kukunjwa kama pini ya nywele. Tabaka la chini kabisa linaachwa, kizazi baada ya kizazi. Matete yanataka kufungwa kwenye makombamoyo yenyewe, kwa hiyo mara nyingi kubadilisha aina ni kuezua kila kitu mpaka mbao zibaki uchi.

Na kwenye baadhi ya nyumba, hasa Devon, kusini-magharibi mwa England, tabaka hilo la chini bado ni lile lililowekwa wakati ukumbi ungali wazi na moto ukiwaka katikati ya sakafu. Ni jeusi kwa masizi, na moshi umelihifadhi. Watafiti waliolifungua wamekuta mabua marefu ya ngano na ya nafaka iitwayo rai (rye) yakiwa na masuke yake, pamoja na magugu yaliyovunwa nayo, kutoka mashamba ya kabla ya mwaka 1500. Aina hizo za kale karibu zimetoweka mashambani. Unaweza kuhesabu punje kwenye suke.

Mwezekaji mmoja akiwa na haraka anaweza kulitupa lote kwenye lori kwa siku moja, na hakuna mtu barabarani atakayejua kilichoondoka, kwa kuwa jioni paa litaonekana zuri kuliko asubuhi.